Ahadi za tabianchi: Miaka kumi baada ya Paris, fedha hazijafika

*Mataifa tajiri yaliahidi kupunguza hewa chafu na kuzisaidia nchi maskini kujikinga. Upande wa umeme kuna hatua. Upande wa fedha, ahadi zimechelewa, zimegeuzwa mikopo, au hazikutimizwa.*

Na Mwandishi Wetu

Bamvua likitoa maji, bahari ya Paje na Jambiani, Zanzibar, hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, na wanawake hushuka na kamba, vigingi na magunia. Mbegu za mwani hufungwa moja moja kwenye kamba, kamba hukazwa kati ya vigingi viwili, kisha husubiriwa kwa takriban wiki sita. Ni kazi ya kuinama, jua likiwa mgongoni na maji yakiwa magotini.

Msimu wa kaskazi ndio wenye mashaka. Maji yaliyobaki juu ya mchanga hupata moto, mwani ukaanza kupauka kwenye vitawi, ukalainika, kisha ukakatika na kuchukuliwa na mkondo. Kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri, haustahimili tena katika sehemu nyingi za maji mafupi. Wakulima wengi wamebaki na spinosum, mwembamba na mvumilivu zaidi, lakini bei yake ni ya chini.

Dawa inajulikana. Mwani upelekwe maji ya kina, ambako joto halipandi namna hiyo. Lakini huko kunataka boti, nyavu za kupandia na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivi hawakufundishwa kuogelea utotoni. Gharama yake si kubwa. Ni gharama ya aina ileile ambayo mataifa tajiri yaliahidi kuichangia katika mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, kwanza Copenhagen mwaka 2009, kisha Paris mwaka 2015, halafu Glasgow mwaka 2021.

Makala haya yanafuatilia ahadi hizo: nani alisema nini, ametimiza kiasi gani, na kwa nini anayeshindwa hafanywi chochote.

Mkataba usio na faini

Desemba 12, 2015, mataifa yalikubaliana mjini Paris kuzuia joto la dunia lisipande kupita kiasi: libaki chini kabisa ya nyuzi 2, na juhudi zifanywe lisivuke nyuzi 1.5, ukilinganisha na enzi za kabla ya viwanda. Kila nchi ijiandikie ahadi yake yenyewe, na kila baada ya miaka mitano iiongeze makali.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kisheria, nchi inalazimika kuwasilisha ahadi na kutoa taarifa za utekelezaji. Hailazimiki kufikia kiwango ilichokiandika. Kamati inayosimamia utekelezaji imeagizwa na mkataba wenyewe ifanye kazi bila uhasama na bila adhabu. Ni kama upatu ambao kila mwanachama anajipangia kiasi cha kutoa, na siku ya kutoa ikifika hakuna mwenye mamlaka ya kugonga mlango wake.

Walioandika mkataba hawakufanya hivyo kwa uzembe. Walikuwa wameona yaliyoupata Mkataba wa Kyoto wa 1997, uliozipangia nchi tajiri viwango vya lazima. Marekani haikuuridhia kamwe. Canada ilitangaza kujitoa Desemba 2011. Basi Paris ikachagua mkataba mlegevu ambao wote wataingia, kwa matumaini kwamba aibu ya kuonekana mbele ya wenzako itafanya kazi ambayo faini haikuweza.

> Kisheria, nchi inalazimika kuwasilisha ahadi. Hailazimiki kuitimiza.

Aibu hiyo ilipimwa Februari 10, 2025, siku ya mwisho ya kuwasilisha ahadi mpya za kufikia mwaka 2035. Kati ya wanachama 195, ni 13 tu waliowahi. Kutoka Afrika nzima ilikuwapo Zimbabwe peke yake. Umoja wa Mataifa ukaisogeza tarehe hadi Septemba. Septemba ilipokwisha, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilihesabu nchi 60 zilizokuwa zimetaja malengo mapya. Nchi hizo zinatoa asilimia 63 ya gesijoto za dunia.

Kilichopungua na kilichozidi

Ripoti ya UNEP ya Novemba 2025 ina habari za aina mbili, na zote mbili ni za kweli.

Ya kwanza ni kwamba Paris imesaidia. Wakati mkataba unatiwa saini, dunia ilikuwa inaelekea kwenye ongezeko la zaidi ya nyuzi 3 mwishoni mwa karne. Sasa, kama nchi zote zitatimiza kila zilichoandika, ongezeko litakuwa kati ya nyuzi 2.3 na 2.5. Tofauti hiyo ni uhai wa watu wengi, na anayesema mikutano yote hii haikuzaa kitu anakosea.

Ya pili ni kwamba yanayotendeka hayajafikia yaliyoandikwa. Kwa sera zilizopo leo, tunaelekea nyuzi 2.8. Mwaka 2024 dunia ilitoa gesijoto sawa na tani bilioni 57.7 za kaboni dioksidi, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Mwaka huohuo ulikuwa wa kwanza katika kumbukumbu kuvuka nyuzi 1.5 kwa wastani wa mwaka mzima. Ili kurudi kwenye njia ya nyuzi 1.5, gesijoto zingepaswa kupungua kwa asilimia 55 kufikia 2035, ikilinganishwa na 2019. Hakuna dalili ya hilo.

Nchi kwa nchi, picha inachanganya. Uingereza imepunguza zaidi ya nusu ya gesijoto zake tangu 1990, na Septemba 30, 2024 ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, baada ya miaka 142 ya kuchoma makaa kwa ajili ya umeme. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshuka kwa asilimia 37 mwaka 2023, ukilenga 55 ifikapo 2030. India iliahidi kwamba nusu ya uwezo wake wa kuzalisha umeme itatoka kwenye vyanzo visivyo vya makaa, mafuta wala gesi kufikia 2030, ikalifikia lengo hilo mwaka 2025, miaka mitano kabla. Hata hivyo takriban robo tatu ya umeme unaotumika India kila siku bado unatokana na makaa, kwa sababu mtambo uliosimikwa si lazima uwe ndio unaofanya kazi usiku.

China inahitaji kusimuliwa kwa urefu kidogo, maana ndiyo itakayoamua. Inatoa karibu theluthi moja ya kaboni ya dunia. Iliahidi kufunga mitambo ya jua na upepo ya gigawati 1,200 kufikia 2030, ikamaliza 2024. Hakuna nchi iliyowahi kujenga nishati safi kwa kasi hiyo, na bei ya paneli za sola zinazouzwa Kariakoo au River Road imeshuka kwa sababu ya viwanda vyake. Wakati huohuo, mwaka 2024 China ilianza kujenga mitambo ya makaa yenye jumla ya uwezo mkubwa kuliko mwaka wowote tangu 2015. Septemba 2025, Rais Xi Jinping aliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 7 hadi 10 kutoka kilele chake ifikapo 2035. Ilikuwa mara ya kwanza kwa China kuahidi kupunguza kwa kiwango kinachohesabika. Pia ni kidogo mno kwa nchi yenye uwezo wake.

Marekani, ambayo ndiyo iliyomwaga kaboni nyingi kuliko nchi yoyote katika historia, imeingia Paris, ikatoka Novemba 2020, ikarudi Februari 2021. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuitoa tena, na kujitoa huko kukaanza kuhesabika Januari 27, 2026. Ahadi ya Marekani ya kupunguza nusu ya hewa yake ifikapo 2030 imekufa bila mtu yeyote kuitwa kujieleza.

Dola bilioni 100 na hesabu zake

Kupunguza hewa chafu kuna visingizio vingi: teknolojia, uchaguzi, vita, bei ya gesi. Ahadi ya fedha haina kificho hicho. Fedha imetolewa au haikutolewa.

Desemba 17, 2009 mjini Copenhagen, Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitangaza kwamba nchi yake itashirikiana na wenzake kukusanya dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2020 ulipofika zilikuwa zimekusanywa bilioni 83.3. Mwaka uliofuata, 89.6. Lengo lilivukwa 2022, kwa bilioni 115.9. Takwimu hizi ni za OECD, jumuiya ya nchi tajiri zenyewe, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai zimetungwa na wapinzani.

Kuchelewa miaka miwili kungesameheka. Tatizo kubwa limo ndani ya hizo bilioni. Takriban asilimia 70 ya fedha za umma zilizohesabiwa ni mikopo, nayo huhesabiwa kwa thamani yake yote, kana kwamba haitarudishwa. Shirika la Oxfam lilipotoa marejesho na fedha za miradi ambayo tabianchi ni jina tu juu ya jalada, lilipata kwamba msaada halisi wa mwaka 2022 ulikuwa kati ya dola bilioni 28 na 35.

> Mkopo unahesabiwa kwa thamani yake yote, kana kwamba hautarudishwa.

Hebu tuliweke jambo hili barabarani. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini mwa Tanzania, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalipanga foleni pande zote mbili, abiria wakalala barabarani. Barabara kama hiyo ikijengwa upya na serikali yoyote kwa mkopo wa nje, mkopo huo unaweza kuingizwa kwenye daftari la wafadhili kama msaada wa tabianchi. Mlipakodi aliyelala ndani ya basi ndiye atakayeulipa, pamoja na riba.

Fedha za kujikinga, yaani zile za kuta za bahari, visima, mbegu zinazostahimili ukame na boti za wakulima wa mwani, ndizo zinazopuuzwa zaidi. Glasgow 2021 nchi tajiri ziliahidi kuziongeza maradufu kutoka kiwango cha 2019, ziwe karibu dola bilioni 40 kwa mwaka ifikapo 2025. UNEP ilikuta zilikuwa bilioni 28 mwaka 2022, zikashuka hadi 26 mwaka 2023. Mahitaji ya nchi zinazoendelea kufikia 2035 yanakadiriwa kuwa kati ya bilioni 310 na 365 kwa mwaka.

Sababu ya pengo hilo ni nyepesi kueleza. Mtambo wa sola unauza umeme na kurudisha fedha ya mwekezaji. Ukuta wa kuzuia bahari isimeze makaburi na mashamba ya mpunga hauuzi kitu.

Mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 baada ya madai ya miaka thelathini, ulifunguliwa Dubai 2023. Michango iliyoahidiwa hadi sasa haijafika dola bilioni moja. Marekani iliahidi milioni 17.5. Novemba 2025, mjini Belém nchini Brazil, mfuko ulitangaza kupokea maombi ya kwanza, ukitenga dola milioni 250 kwa dunia nzima.

Mjini Baku, Novemba 2024, lengo jipya liliwekwa: dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Nchi zinazoendelea zilikuwa zimeomba trilioni 1.3. Wajumbe wa India na Nigeria walipinga palepale ukumbini, nyundo ikiwa imekwisha kugongwa.

Wanachosema wenye fedha

Serikali za Ulaya zina hoja, na si zote za kupuuzwa. Zinasema orodha ya nchi tajiri iliandikwa 1992, na tangu hapo dunia imebadilika. China bado inahesabika kama nchi inayoendelea, sawa na Burundi. Nchi za Ghuba zenye utajiri wa mafuta nazo zimo humo, ingawa Falme za Kiarabu zilitoa dola milioni 100 kwa mfuko wa hasara bila kulazimishwa. Kwa nini Ubelgiji ilipe na Saudi Arabia isilipe?

Zinasema pia kwamba hazina zao zimebanwa. Uingereza imetangaza kushusha misaada yake ya nje hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi.

Hoja ya kwanza ina uzito, na China inapaswa kuijibu. Ya pili siikubali. Ahadi ya Copenhagen haikuwekewa masharti kwamba itategemea hali ya bajeti, na mvua haikusubiri bajeti ya yeyote. Isitoshe, vita vya Ukraine vilipoanza 2022 na gesi ya Urusi ikakatika, Ujerumani ilipata mabilioni kwa miezi michache, na Mei mwaka huo Kansela Olaf Scholz alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal. Fedha hutafutwa pale jambo linapoonekana la dharura.

Na sisi tuliahidi

Serikali za Afrika Mashariki nazo zimetia saini, na si haki kuzipitia juujuu eti kwa sababu bara zima linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa chafu.

Kenya iliahidi mwaka 2020 kupunguza asilimia 32 ya gesijoto ambazo ingetoa ifikapo 2030, mpango mzima, pamoja na hatua za kujikinga, ukigharimu dola bilioni 62. Yenyewe ilijitwika asilimia 13 ya gharama hiyo, asilimia 87 ikatarajiwa kutoka nje. Tanzania iliahidi asilimia 30 hadi 35, Uganda asilimia 24.7, zote zikitegemea msaada kwa sehemu kubwa. Mpango unaosubiri asilimia 87 kutoka kwa mtu mwingine unampa waziri jibu la kila swali: fedha hazijaja. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine kazi isiyohitaji senti ya mgeni imeachwa vilevile.

Kwenye umeme Kenya ina cha kuonyesha. Takriban asilimia 90 ya umeme wake unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta kibali cha mtambo wa makaa uliotaka kujengwa Lamu, baada ya wakazi kusimama kidete. Lakini Julai 2023 serikali iliyokuwa imetangaza kupanda miti bilioni 15 iliondoa marufuku ya kukata miti misituni.

Tanzania ina jambo lake la kupimwa: nishati safi ya kupikia. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Siku chache baadaye alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambako serikali na kampuni ziliahidi dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Shirika la Kimataifa la Nishati limefuatilia ahadi hiyo, likakuta dola milioni 470 zilikuwa zimetoka katika mwaka wa kwanza. Ni kama moja ya tano, lakini angalau kuna anayehesabu hadharani. Huku nyuma, takwimu za serikali zinaonyesha zaidi ya hekta 460,000 za misitu hupotea kila mwaka, na mkaa bado unapangwa kwa magunia kando ya barabara ya Morogoro.

Halafu kuna bomba la mafuta. Kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, likipashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda kama nta. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja. Bunge la Ulaya lililipinga Septemba 2022. Benki nyingi kubwa za Ulaya zilikataa kulikopesha, na Machi 2025 fedha za awamu ya kwanza zikatoka kwa Afreximbank, Standard Bank, KCB Uganda na wengineo.

> Waliolima juu ya mkuza wa bomba wana haki ya kujibiwa kwanza.

Rais Yoweri Museveni aliwajibu wabunge wa Ulaya kwa ukali, na Waganda wengi walimuunga mkono: Norway inachimba, Marekani inachimba, kwa nini Uganda ikatazwe? Naielewa hasira hiyo. Haimjibu mkulima aliyepisha mkuza akasubiri fidia miaka kadhaa, wala haielezi mafuta hayo yatauzwa kwa nani kwa miongo miwili ijayo, iwapo wanunuzi watatimiza hata nusu ya walichoahidi. Mashirika ya kiraia yaliyokwenda Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha yalikwama Novemba 2023: shauri lilifutwa kwa kufunguliwa nje ya muda, hoja zenyewe zisisikilizwe.

Majaji wanaingia

Pale aibu iliposhindwa, watu wameanza kwenda kwa majaji. Wa kwanza kufanikiwa sana walikuwa Waholanzi. Taasisi ya Urgenda na raia mamia kadhaa waliishtaki serikali yao, na Desemba 20, 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilithibitisha amri kwamba gesijoto zipunguzwe kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020. Zikapungua kwa kiasi hicho, corona ikichangia.

Julai 23, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa maoni yaliyoombwa na Umoja wa Mataifa kwa msukumo wa Vanuatu, taifa dogo la visiwa vya Pasifiki. Majaji walisema kuzuia madhara kwa tabianchi ni wajibu wa kisheria, kwamba ahadi za Paris haziwezi kuandikwa ovyo tu kwa sababu nchi inajiandikia, na kwamba taifa linaloshindwa wajibu huo linaweza kudaiwa fidia. Maoni hayo hayana nguvu ya hukumu. Yana nguvu ya kunukuliwa katika kila kesi itakayofuata.

Zamu sasa ni ya Afrika. Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ieleze serikali za bara hili zina wajibu gani kwa wananchi wao katika mabadiliko ya tabianchi. Ombi hilo linawagusa marais wanaotia saini Paris asubuhi na mikataba ya mafuta jioni.

Mkutano wa tabianchi wa mwaka 2027 utafanyika Addis Ababa. Wajumbe wa Afrika watakuwa wenyeji, na ajenda ya fedha za kujikinga, ambazo Belém ilitoa wito ziongezwe mara tatu kufikia 2035, itakuwa mezani kwao. Cha kudai kipo, tena ni chepesi kukiandika: mkopo usihesabiwe kama msaada, kila nchi ichapishe kila mwaka ilichoahidi na ilichotoa, na serikali zetu zichapishe vilevile zilichopokea, kimekwenda wilaya gani na kimejenga nini.